Kopo la Oili na Mluzi wa Ijumaa

Kila Ijumaa baada ya sala, kaka yangu hupiga simu kutoka Uarabuni, aliko dereva wa lori. Hana haja na habari za mtu. Huniambia, "Iwashe," nami huiweka simu kando ya injini ya gari lake, hapa uani kwangu Bondeni. Kisha husema, "Kanyaga kidogo." Nikikanyaga, supachaja, ile mashine ya kushindilia hewa ndani ya injini, hupiga mluzi, naye hucheka peke yake huko aliko. Kaka hana mke wala nyumba. Ana gari hilo tu.

Mimi ni fundi, na ufundi ndio ulionitia kiburi. Injini ya namna ile hutoa mvuke wa oili, na mvuke huo hurudi kwenye supachaja ukaichafua. Dawa yake ni kopo la kutega oili, lenye chujio ndani: hewa inapita, oili inabaki chini. Nilipomwambia kaka, akasema, "Ngoja, nitakuja nalo mwenyewe." Mimi niliyeshika spana tangu sina ndevu, ningoje kopo? Nikachomelea langu. Chujio sina, basi nikaingia jikoni nikachukua nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, nikazijaza humo. Mke wangu akaniuliza nazipeleka wapi. Nikamwambia asiniingilie kazi yangu.

Wiki mbili oili ilitegwa vizuri, nikajiona hodari wa mji mzima. Alhamisi nikalitoa gari kulijaribu, nikafika nalo hadi Feri. Wakati wa kurudi, kwenye mwinuko, mluzi ukageuka mkwaruzo. Nililivuta hadi nyumbani, nikafungua kopo, nusu ya nyuzi hazimo. Supachaja ilikuwa imezivuta, ikachanika ndani, na silinda zote zimekwaruzika, injini haiwaki tena. Nilikaa sakafuni nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Ijumaa hutuba sikuisikia. Katika simu ya mke wangu mlikuwa na sauti ya ile injini, niliyoirekodi zamani nikajitapie kwa mafundi wenzangu. Kaka alipopiga, nikaziweka simu mbili pamoja. Injini ikanguruma.

"Kanyaga kidogo," akasema.

Hilo sikulifikiria. Rekodi ikaendelea na ngurumo ile ile, taratibu.

"Kanyaga, mdogo wangu."

Mke wangu alisimama mlangoni ananitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Rekodi ikafika mwisho, ikakatika.

"Imezimika?" kaka akauliza.

"Imezimika," nikajibu.

"Basi iwashe tena," akasema kwa upole. "Lori langu bado lapakiwa. Nangoja."