Fundi Aliyesikiliza Betri

Kwa miaka thelathini fundi huyu, ambaye wateja walimwita Sikio, alitambua ugonjwa wa kila injini kwa kutega sikio kwenye kipande cha mpira wa maji. Asubuhi hiyo aliletewa gari la haibridi, linalotumia petroli na umeme. Liliwaka kimya, bila hata kukohoa.

"Baba, leo mpira wako uko likizo," binti yake alimtania. Alikuwa amesomea umeme wa magari, na kompyuta yake ilionyesha betri kubwa inachemka. "Hii ni ya kubadilishwa tu."

Siku ya kukosa kazi aliyoiogopa Sikio ilikuwa imefika. Hata hivyo aliingia kwenye kiti cha nyuma, akauweka mpira kwenye matundu ya hewa ubavuni mwa kiti.

"Mwanangu, njoo. Kuna kitu kinahema humu."

Binti alisikiliza, akafungua kifuniko. Feni ya kupoza betri ilikuwa imezibwa na manyoya ya paka! Waliisafisha, na joto likashuka.

"Nipe huo mpira, mzee wangu. Nifundishe."

"Huu? Thubutu!" Akacheka mpaka machozi, kisha akaenda kumkatia binti kipande chake.