Goli Nililoliona

Kila ninaposikia harufu ya ndagala wakikaangwa kwa mawese, miguu inasimama yenyewe.

Shangazi alikuwa akiwakaanga nyuma ya ukuta wa uwanja wa mpira, upande wa ziwa. Miaka yote ile hakuwahi kuingia ndani. Lakini wanaume waliolipa viingilio na kukaa mbele, wakibishana juu ya mechi za zamani, walikuja kwake awaamue. Naye aliwaamua bila kuacha kugeuza samaki: goli la siku ya mvua liliingia kwa kichwa, penalti ya watu wa Bujumbura kipa wetu aliitoa kwa mguu.

Siku moja baba aliniingiza uwanjani. Niliona goli kwa macho yangu mwenyewe! Mapumziko yalipofika nikatoka mbio, viatu mkononi, nimpelekee shangazi habari.

“Namba kumi amefunga!”

“Hapana, mama,” akasema taratibu. “Namba kumi alipiga, ikagonga mulingoti. Nilisikia watu wanaita jina yake kwanza, wakanyamaza kidogo, njo wakapasuka kelele. Kuko mwengine aliimalizia.”

“Mi mwenyewe niliona, shangazi!”

Baba alikuwa amefika nyuma yangu. Akacheka kidogo.

“Shangazi yako iko na haki. Ni ule mufupi njo alimalizia.”

Nilimtazama shangazi, na ule ukuta wa matofali nyuma yake, mrefu kumpita mtu mzima. Filimbi ikalia ndani. Baba akaniita turudi, kipindi cha pili kinaanza.

Nikavuta tofali, nikakaa kando ya shangazi.