Wifi Yangu Anasifiwa kwa Mikono ya Mtu Mwingine

Admin, naomba usinitaje. Nina miaka arobaini na nane, Mtanzania, nafanya usafi maofisini hapa London.

Miaka ishirini iliyopita, binti yangu akiwa na miaka saba, wifi yangu alikwenda naye sokoni Woolwich. Gari la mizigo lilirudi nyuma likambana mwanangu na ukuta. Nilikuwa kazini mtaa wa pili, nikaitwa. Nilimkuta mama mmoja Mkongo amepiga magoti, anamkandamiza mwanangu kifua, anampulizia pumzi. Wifi anamvuta blauzi: "Mwache, ameshakufa, unamvunja mbavu." Yule mama hakugeuka. "Uniache, dada. Mutoto angali moto."

Madaktari walikuja na helikopta. Moyo ulikuwa umesimama. Wakamtoboa kifua pande zote mbili palepale kutoa hewa iliyobana mapafu, moyo ukaanza tena. Hospitali daktari alituambia watoto wengi wakifikia hali ile hawarudi, na bila mtu aliyemkandamiza mapema tungezika. Akauliza ni nani. Wifi akajibu, "Ni mimi."

Nilimtazama mume wangu, aliyekuwa ametufuata hospitali. Tulipofika nyumbani nikamweleza niliyoyaona, akasema, "Dada ndiye aliyenisomesha. Mtoto amepona, unataka nini tena?" Kanisani wifi akaombewa, akavishwa kitenge kipya.

Binti amekua. Anachechemea kidogo, ila ana kazi yake. Anaolewa mwezi ujao, na amemchagua shangazi amsindikize madhabahuni, kwa kuwa ndiye aliyemrudishia uhai. Hivyo ndivyo tulivyomlea aamini.

Wiki iliyopita yule mama Mkongo alinikuta sokoni nikichagua mihogo. Ndiye aliyenitambua. Akanishika mkono. "Pole, mama. Kesho yake nilileta supu hospitali. Wifi yako akaniambia mutoto alikufa, mbavu nilizovunja zilimuchoma moyo. Tangu siku ile sijabeba mutoto wa mutu."

Nikamwambia binti yuko hai, anaolewa. Akakaa chini pale pale kwenye lami, watu wanampita na mifuko yao. Baadaye akaniuliza taratibu, "Na wewe ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Nikamwinua kutoka chini. Anaomba amwone binti mara moja tu. Mume wangu anasema nikithubutu kumleta, nitafute pa kuishi. Wifi ameshashona nguo ya harusi.

Nimwambie binti ukweli kabla hajaolewa, au nimfiche tena yule mama? Mngekuwa ninyi, mngeanzia wapi?