Ugomvi wa Muuza Urojo

Muuza urojo wa kichochoro chetu ametutoka, wasomaji wangu. Jana hitimani mzee mmoja wa mtaa alisimama mlangoni kuwapa pole wanawake, akasema, "Mama yule alikuwa mpole, hakuwa na ugomvi na mtu." Wenzangu wakaitikia, kweli, kweli. Mie nikakishusha kikombe cha kahawa kutoka mdomoni. Marehemu alikuwa nao ugomvi, tena mkubwa, na mzee huyo huyo ndiye aliyetaka kuuzima.

Mwaka juzi kijana mmoja wa hapa hapa mtaani alilipiga teke sufuria la marehemu. Urojo ukatapakaa mpaka ngazini kwangu, bajia zikaelea mferejini. "Rudi kwenu bara!" akamwambia. Kwao wapi, na mwenyewe kazaliwa Kiembe Samaki, hapa hapa Unguja, na babu yake kazikwa huko huko? Alasiri mzee akaja kumbembeleza. "Tuoneane muhali, Bibi, tusitiriane. Sote majirani. Sufuria tutakununulia jipya."

"Masufuria nnayo, mzee wangu, hata weye nnaweza kukuazima. Mie nnakwenda kituoni." Kisha akanigeukia. "Nawe unayejua jina la kila mtoto na la bibi yake, vaa buibui lako." Nkavaa.

Askari tuliyemkuta alikuwa na adabu zake. Akatupa shikamoo na viti, akasema ataandika uharibifu wa mali, basi.

"Na maneno?" mwenzangu akauliza.

"Maneno ya nini, mama? Kosa ni kumwaga."

"Angejikwaa akamwaga, nsingekuja. Kanimwagia kwa sababu ya asili yangu. Iandike sababu, mwanangu, au ntakaa hapa mpaka nkupikie na chakula cha jioni."

Askari akacheka, akanitazama mie. Nikamtajia waliosikia, mmoja mmoja, na baba zao. Hapa gazetini siwataji. Akaandika kila neno.

Shule mie niliishia darasa la tatu, lakini redio nasikiliza. Husomwa hesabu za makosa nchini, na ya chuki yakiwa haba tunashusha pumzi, tunasema kwetu shwari. Lakini hesabu zile haziteremki kutoka mbinguni. Huanzia kwenye meza kama ile, kwa mtu aliyekubali kwenda na askari aliyekubali kuuliza kwa nini. Asiyekwenda hahesabiwi, na akienda ikaandikwa sufuria peke yake, basi limehesabiwa sufuria, yeye hakuhesabiwa. Muhali umetulea, siukatai. Ila mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi jana niliweka kikombe chini. "Alikuwa nao ugomvi," nikasema, "na haki ilikuwa yake. Mkitaka kumsifu, msifuni kwa hilo."

"Bi mkubwa, hapa msibani," mzee akanikanya.

Mama wa yule kijana, aliyekuwa akitugawia halua, akatua sahani. "Mwacheni aseme," akasema. "Mtoto ni wangu, na maneno yale aliyasema."

Nenda ukionewa. Na weye uliyeona, usingoje kuitwa: vaa buibui lako umfuate.