Mbuzi Aliyemcheka Chui Kashikishi

Ningali naikumbuka, mwanangu, siku Kambo, bibi yangu mzaa mama, aliponinyamazisha mbele ya kundi zima la waigizaji. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mdomo usiojua kupumzika. Cheka tu. Hata leo haujajifunza.

Nakwambia haya kwa sababu nasikia kundi lenu mnajiandaa kwa mashindano ya michezo mifupi ya kuigiza, na jana mmenisomea mlichoandika. Kuna mtu mle ndani mmemtaja kwa kila kitu isipokuwa jina. Mimi nimemjua kabla hajafungua mlango. Kaa kwanza, bukari, ugali wetu, haijaiva, na wazee walisema mdomo uliponza kichwa.

Sisi tulivuka ziwa kutoka Pweto wakati wa vita, Kambo, dada yangu Feza na mimi, tukapokelewa kambi ya wakimbizi upande huu. Feza aliolewa hapa hapa Kashikishi na mvuvi mmoja, mwanaume mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo. Wakapata binti. Halafu malaria ikamchukua yule bwana, na nyumba ikanyamaza.

Sasa, wewe umezaliwa huku, unajua desturi ya Luapula. Mume akifa, kifo chake kinabaki mwilini mwa mjane mpaka ukoo wa marehemu umfungue. Zamani alirithiwa, akapewa ndugu wa marehemu awe mumewe. Siku hizi familia nyingi zinamfunga tu shanga nyeupe mkononi, wanaomba, yamekwisha, yuko huru. Lakini shanga zisipofungwa, ole wake. Wavuvi walikuwa hawataki hata Feza ainamie nyavu zao. Mtu mmoja tu ndiye aliyemtaka, Ilunga, fundi wa injini za boti, na yeye mama yake akamshika shati: "Mutoto yangu, shanga bado! Unataka miye nikuzike?"

Wa kufunga shanga hizo alikuwa Ba Chola, mjomba wa marehemu na mkubwa wa ukoo. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini ukimwuliza lini, alisema tungoje mvua ziishe. Mvua ikiisha, tungoje uvuvi ufunguliwe. Uvuvi ukifunguliwa, goti linamuuma. Na kila siku, kwa goti hilo hilo, alikuja na fimbo yake kula samaki wa Feza! Feza alikuwa anakausha samaki vizuri kuliko mwanamke yeyote pwani hii, na mzee alijua.

Hapo ndipo parokia ilipotangaza mashindano. Kila kundi lilete mchezo mfupi juu ya historia yetu na namna maisha yanavyobadilika. Watakuja watu wa Mununga, watu wa Mwansabombwe, wa Kashikishi wenyewe, na sisi wa kambini. Mwanangu, nilifurahi kama mtu aliyeokota samaki njiani. Niliandika mchezo nikauita "Goti la Mzee." Mjomba ndiye nitakayemwigiza mimi mwenyewe, kwa fimbo, kwa kuchechemea, kwa kulamba vidole. Tulipofanya mazoezi nyuma ya kanisa wenzangu walilia kwa kucheka.

Basi, soko la samaki halina siri. Ba Chola akasikia. Hakupiga kelele, alituma neno kwa upole, na upole ule ndio uliotisha: "Yule mukwe wangu akipanda mbele ya watu kutembea na mguu wangu, Feza atakaa na kifo chake mpaka nywele ziwe nyeupe."

Feza alikuja mbio mazoezini, kanga imelegea, mtoto mgongoni. "Ngoy, acha. Tafadhali, acha. Ile mlango moja nilikuwa nayo, unaifunga."

Nami? Nikasimama kama mhubiri. Nikasema ukweli haufichwi, nikasema mila zinazoonea wanawake zikome, nikasema tutaigiza hata chifu akija. Kundi likapiga makofi. Kumbe Kambo alikuwa amesimama nyuma, mwiko mkononi, bukari bado imeganda kwenye mwiko.

"Weye Ngoy," akasema, "weye uko nani kwa ule muzee?"

"Miye ni ndugu ya muke ya mutoto yake."

"Donc, basi, uko mukwe. Mukwe anachekaka mukwe wapi? Hata jina yake haufae kuita ovyo, sasa unataka kutembea na muguu yake?"

"Lakini Kambo, ni kweli!"

"Nani amesema ni bongo, ni uongo? Ni kweli. Ile kweli inatafuta mutu wa kuibeba, na ule mutu haiko weye."

Makofi yote yakaisha. Nilitamani ardhi ya kanisa ipasuke. Lakini Kambo hakuwa mtu wa kukutia aibu akakuacha nayo. Alikaa kwenye benchi, akanivuta nikae, akaanza kunieleza kama vile mimi ndiye mgeni duniani.

Ba Chola ni wa ukoo wa Chui, alisema. Na Chui ana mtani wake, ukoo wa Mbuzi, kwa sababu chui hula mbuzi tangu mwanzo wa dunia, basi mbuzi wamepewa haki ya kulipiza kwa mdomo. Mbuzi anaweza kumtukana Chui sokoni, kanisani, hata kaburini. Analala juu ya kaburi akidai marehemu alikuwa mlafi, na Chui haruhusiwi kukasirika. Chui akikasirika, anachekwa pande zote mbili za ziwa. "Na ukoo hauulizwake karatasi kwa maji," Kambo akaongeza. "Chui ya Pweto na Chui ya Kashikishi ni moja."

Nikashusha pumzi. Nikadhani tumemaliza. Wapi!

"Na ingine," akasema. "Umemucheka huyu muzee na desturi yake. Umeuliza ile desturi ilikuwa ya nini?"

Sikuwa nimeuliza. Akanisimulia habari za mama yake mwenyewe, aliyefiwa na mume wakati wa njaa, akiwa na watoto wadogo na hana shamba. Shemeji yake akamrithi, akampa shamba, watoto wakala, na mmoja wa watoto hao ni yeye Kambo. Halafu akasimulia habari za shangazi yake, aliyerithiwa na mwanaume ambaye hakuweza hata kumtazama usoni, akazeeka na huzuni. "Yote mbili ilikuwa," alisema. "Yote mbili uiweke mule. Ukiweka moja tu, hiyo haiko historia, hiyo ni kisirani, ni hasira tu."

Mwanangu, nilikasirika usiku kucha. Asubuhi nikauandika mchezo upya. Sehemu ya kwanza ikawa ya mama yake Kambo na ya shangazi. Sehemu ya pili ikawa ya siku zetu. Na sehemu ya mjomba nikampelekea Mama Bwalya.

Mama Bwalya aliuza samaki Kashikishi, mtu wa Luapula halisi, wa ukoo wa Mbuzi, hajawahi kuigiza hata siku moja. Sauti yake ilifika kisiwani bila simu. Alinisikiliza huku anamparua samaki magamba. "Yaani nimtukane Ba Chola mbele ya watu wote?"

"Ndiyo, mama."

"Na mapadri wanatazama?"

"Wanatazama."

"Na mimi sitozwi kitu? Ee Mungu, umekumbuka jina langu!"

Siku ya mashindano uwanja wa mpira ulijaa. Ba Chola alikaa mbele kabisa, fimbo kati ya magoti, uso umefungwa. Alikuja kuona kama nitathubutu. Feza alisimama pembeni na binti yake, na Ilunga mbali kidogo nyuma yao, mama yake anamlinda. Nami nilijua: mzee akinyanyuka leo na kwenda zake kwa hasira, dada yangu amekwisha.

Sehemu ya kwanza watu walisogea karibu. Bibi mmoja aliguna, mwingine akajifuta macho. Nilimchungulia Ba Chola nikamwona ameinamisha kichwa. Nadhani na yeye alikuwa na mama.

Kisha akatokea Mama Bwalya, amejifunga kitenge chenye madoadoa ya chui, kofia ya mwanaume kichwani, fimbo mkononi, anachechemea. Ba Chola alishtuka akashika fimbo asimame. Ndipo akamtambua. "Aa! Mbuzi!" akasema kwa nguvu, na uwanja mzima ukalipuka.

"Mimi ni Chui!" Mama Bwalya akanguruma. "Kucha zimeisha! Meno yameisha! Siku hizi nawinda vyungu vya wajane! Nikimfungua huyu mwanamke nani atanipikia? Mimi hata maji ya chai naunguza!"

Watu walianguka. Nakwambia walianguka, mwanangu, mmoja alianguka kwenye ndoo ya maandazi. Ba Chola alijaribu kukasirika, ukaona midomo yake inapigana, ikashindwa. Akacheka mpaka kofia ikamtoka.

Sasa, kwa nilivyoandika, Mama Bwalya alipaswa kunifunga shanga mimi niliyekuwa mjane wa mchezo, tuiname, tutoke. Nilikuwa nimepiga magoti, mkono nimeunyoosha. Yeye akanitazama, akatazama shanga, akaziweka chini. Akavua kofia. "Mbuzi nimecheka vya kutosha," akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena. "Lakini mbuzi hawezi kumfungua mjane wa Chui. Mwenyewe aje."

Mimi niko pale chini, mkono hewani kama mwombaji. Nilimlaani Mama Bwalya kimoyomoyo kwa lugha tatu. Hayo hayakuwemo kwenye mchezo, na hakuna aliyejua yataishia wapi.

Ba Chola akasimama. Hakuja kwangu. Akaenda polepole mpaka kwa Feza, akasema kwanza kwa Kibemba, halafu kwa Kiswahili ili watu wetu wa kambini nao wasikie: "Mwanangu, goti haliumi. Ninaogopa. Mpwa wangu nilimlea mimi. Nikikufungua, utaondoka, na nyumba yake itafungwa. Nitakwenda wapi kukaa na watu wanaomkumbuka?"

Feza alilia na kucheka pamoja, namna ile wanawake tunavyoweza. "Tate, baba yangu, nitamupeleka huyu mutoto wapi asikuone? Hata nikiolewa, kula utakuja. Si weye unajua njia?"

Mzee akamshika mtoto kichwani. "Kesho asubuhi," akasema, "nyumbani. Uwanja si mahali pa kumfungulia mtu." Na kesho yake asubuhi alikuja, ukoo wote ukaja, wakaomba, akamfunga shanga kwa mkono wake mwenyewe.

Mashindano? Tulishindwa. Walishinda Mununga kwa mchezo wao wa miezi ya kufungwa uvuvi, ulikuwa mzuri, nakubali, ingawa sio sana. Mwamuzi alisema mchezo wetu umemaliziwa na mtazamaji, na hilo haliko katika sheria. Mama Bwalya alimfuata akibishana naye mpaka gari likaondoka.

Ila kwenye harusi ya Feza na Ilunga, nilimwona Ba Chola anaingia, suti yake ya zamani inanukia dawa ya nondo. Akapita viti vya wageni, akaenda kukaa kiti cha baba wa bibi arusi. Sisi baba yetu tulimwacha kaburini Pweto, kile kiti tulikuwa tumekiacha tupu kwa heshima. Mtu mmoja akamnong'oneza, "Mzee, umepotea, hapo ni kwa upande wa mke." Akajibu, sote tukasikia, "Sijapotea. Leo ninamwoza mtoto wangu." Kambo, ambaye hakulia tulipovuka ziwa, alifunika uso kwa kitenge.

Basi sikia nasaha yangu, mwanangu. Yaseme mambo yaliyooza katika ukoo wetu, yaseme bila woga, mchezo usiouma mtu ni usingizi tu. Lakini kabla hujapanda mbele ya watu, uliza kwanza wewe ni nani kwa yule unayemsema, na kama si wewe, mtafute mwenye haki ya kumwambia akacheka. Uliza mila ilimlisha nani kabla hujasema ilimnyima nani. Na mwachie mtu njia ya kurudi, maana anayeng'ang'ania jambo mara nyingi analilia kitu asichoweza kukitamka. Huyo mliyemwandika jana, nendeni kwanza mkakae naye.

Wabemba husema miti inayokua ndiyo msitu wa kesho, na sisi tutatembea kivulini mwenu. Mungu awape ulimi usioogopa na moyo unaojua kungoja. Wazee wenu wawachekee kwa furaha, na wale mtakaowasema wawakaribishe mezani kwao. Nendeni vizuri, na maji yote mtakayovuka yawe tulivu.