Kitanda cha Mlangoni

Mfuaji wa shuka wa hospitali alimjua yule mmisionari kwa mikono kabla hajamjua kwa sura: mikono myekundu hadi kwenye viwiko, imechubuka kwa kunawa, ndiyo maana wodi nzima ilimwita Mama Sabuni. Mmisionari huyo alitoka ng'ambo akiwa msichana, na Kiswahili chake bado kilichechemea, ila ukimcheka alikujibu kwa methali uliyoisahau wewe. Hakuingia wodini bila kupiga hodi, hata kwa mgonjwa asiyejitambua. "Humu ni chumbani kwa watu," alizoea kusema.

Siku wageni wa kanisa lililomtuma walipokuja na kamera, walimtaka mama mmoja aliyekonda ajifunue mabega kidogo, ili waumini wa kwao waone na kuguswa. Mama yule akageukia ukutani. Mama Sabuni hakupandisha sauti. Alivua viatu, akapanda kitanda kitupu cha mlangoni, akajivutia shuka mpaka kidevuni.

"Haya, nipigeni picha mimi. Goti linaniuma, na sijapata wa kunionea huruma."

"Dada, michango itakauka," kiongozi wao alinong'ona.

"Basi ikauke. Tutabaki mimi na huyu mwenzangu," alisema, akimwonyesha mfuaji aliyesimama na beseni la shuka.

Mfuaji hakuwa ameulizwa. Aliweka beseni lake chini, akamchomekea mmisionari ncha za shuka miguuni kama afanyavyo kwa kila mgonjwa, kisha akawageukia wageni.

"Mgonjwa anapumzika," alisema. "Na nyie hamkupiga hodi."