Mpaka Chiriku Waje

Mama alipovuka mpaka kwenda Isebania kumuuguza mama mdogo, aliyekuwa amepooza upande mmoja, hakunitajia siku ya kurudi. Alisema tu, "Chiriku wakija, nami nakuja."

Kwetu Nyarero hayo ni maneno ya kawaida. Kipupwe kinapoingia na ulezi kukauka, ndege hao wadogo wa njano hutokea kwenye uwanja wetu wa kupuria na kuokota punje zilizobaki. Mvua zikikaribia wanaondoka. Mama hakuwahi kupanga kuvuna kwa kuangalia kalenda. Kwa hiyo nilibaki na nyumba, kuku, kipande cha ulezi na ndege wa kuwasubiri.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, halafu narudi tena kuhakikisha kwamba niliposukuma sikuufungua. Mambo ya ndege nimejifundisha mwenyewe baada ya kumaliza shule na kukosa kazi, kwa kuangalia picha kwenye simu na kuzilinganisha na waliopo uani. Nilisoma kwamba chiriku hawatoki nchi za mbali, wanazunguka tu wakifuata mbegu. Hilo lilinisumbua. Anayetoka mbali ana safari yake na majira yake. Anayezunguka anaweza asipite.

Asubuhi moja nikaona njano kwenye ua wa minyaa. Nilipiga simu hata uso sijanawa. Alipokea binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye huongea Kiswahili cha upande wa pili.

"Sasa! Hao ndege wenu wamefika, ama wameshikwa hapo boda ya Sirari hawana paspoti?"

"Wamefika. Mpe mama."

Nilimsikia mama akicheka kabla hajashika simu. Alisema ataanza kukusanya nguo zake. Nilikata simu nikarudi uani kumtazama ndege vizuri. Mdomo ulikuwa mrefu mno, umechongoka. Chiriku ana mdomo mfupi, mnene, na mstari wa njano juu ya jicho. Huyu hakuwa na mstari. Alikuwa mnana, anayekaa hapa mwaka mzima na kusuka viota vyake bila kumsubirisha mtu.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nilipiga tena.

"Shikamoo mama. Si wenyewe. Ni mnana."

"Haya mwanangu. Tusubiri."

Jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuwa amekuja kuomba moto, alisikia yote akanishangaa. "Wewe binti, ulikuwa umeshampata! Ungemwacha aje, akifika akute mnana, angerudi kwa sababu ya mdomo wa ndege?"

Nilitaka aje kwa sababu ya kweli.

Ulezi ulipokauka nilivuna peke yangu, nikikata kichwa kimoja kimoja kwa kisu kidogo. Kisha nikasiliba uwanja kwa kinyesi cha ng'ombe, kama afanyavyo mama. Mkono wake huacha mawimbi yanayofuatana vizuri. Wangu uliacha mabonde. Nikakwangua, nikasiliba upya. Ukakauka na ufa katikati, nikakwangua tena.

"Unasiliba uwanja au ukumbi wa harusi?" jirani aliniuliza kutoka upande wake wa ua.

Mwishowe nilikata tamaa, nikatandaza turubai. Nilipura juu yake kwa fimbo, nikapepeta kwa ungo, na jioni nikafagia kingo zote mpaka isibaki punje chini. Niliona nimemshinda mama kwa usafi. Siku zikapita. Asubuhi zilikuwa za baridi, ukungu unakaa bondeni mpaka jua lipande, na uwanjani hakukuwa na kitu isipokuwa kuku wakinitazama.

Nilichelewa kuelewa. Siku hiyo nilikuwa nakunywa uji, nikakumbuka jinsi mama anavyomaliza kupura: anafagia, anafika katikati, kisha anauegemeza ufagio ukutani na kuingia ndani. Miaka yote nilidhani amechoka, na mara nyingi niliuchukua ufagio ule nikamalizia. Naye aliniita nimsaidie jambo lingine, kila mara jambo lisilo na haraka.

Nilikunja turubai. Nilipiga sehemu ya ulezi uliobaki juu ya udongo wenyewe, wenye mabonde yangu na ufa wangu, na sikufagia. Mikono iliniwasha. Usiku niliamka kutaka kwenda kufagia, nikajilazimisha kulala.

Walikuja jua lilipochomoza, kundi dogo, wakiruka chini na kurudi kwenye minyaa. Mdomo mfupi. Mstari juu ya jicho. Niliangalia mmoja mmoja, sikuwa na shaka hata kidogo. Simu ilikuwa mfukoni.

Sikupiga siku hiyo. Wala kesho yake. Nitasema ukweli: niliogopa. Walipokuwa hawajaja, mama alikuwa hajarudi kwa sababu ya ndege. Wakishakuja, sababu itakuwa nyingine.

Nilipopiga, alipokea mwenyewe.

"Wamekuja," nilisema. "Safari hii ni wenyewe."

"Nisikilizishe."

Nikatoka taratibu, nikachuchumaa, nikanyoosha mkono wenye simu kuelekea uwanjani. Walikuwa wakilumbana kwa sauti zao nyembamba. Nilikaa hivyo mpaka bega likauma. Niliporudisha simu sikioni, nilisikia mtu akikohoa huko ndani, kikohozi kizito, na mama akimwambia kwa Kikurya ngoja nakuja kukugeuza.

"Uliacha punje?" akaniuliza.

"Niliacha."

"Vizuri." Akavuta pumzi. "Mama yako mdogo hajaweza kukaa, mwanangu. Siwezi kumwacha."

"Najua, mama."

"Usifagie."

Alikata. Mzigo wa mwisho wa ulezi ulikuwa bado umeegemea ukuta. Niliupunguza mafungu mawili, nikayaweka pembeni kwa ajili ya kuyapura kidogo kidogo, asubuhi kwa asubuhi, ili chiriku wasiondoke kabla mama hajaja.